Kisukari kilitulia, sasa kimerudi, nami naandika namba za uongo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 43. Miaka mitatu iliyopita niligundulika nina kisukari aina ya pili. Wakati huo nilikuwa na kilo 98. Daktari aliniambia ugonjwa bado mchanga, na kwamba nikipunguza uzito wa kutosha sukari inaweza kutulia hata bila dawa. Nilijikaza, Shangazi. Nilipunguza chakula, nikawa natembea kila asubuhi, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeshusha kilo 17. Dawa ya sukari, metformini, nikaachishwa. Siku hiyo kliniki walinipigia makofi, na mume wangu akawa ananitaja kwa watu kama mfano wa mtu mwenye nidhamu.

Kisha uzito ukaanza kurudi taratibu. Sijui nieleze vipi nieleweke: sikurudia ulaji wangu wa zamani. Kilichobadilika ni njaa. Naamka nayo, nalala nayo, na nikimaliza kula nawaza mlo unaofuata. Kilo 11 zimesharudi. Sukari ya kuamkia, ambayo ilikuwa haifiki 6, sasa inasoma 9, siku nyingine 11.

Mume wangu hupitia daftari langu la sukari kila wiki. Ndio utaratibu tuliojiwekea tangu mwanzo, na wakati ule niliupenda. Siku hizi najifungia bafuni Jumamosi usiku najaza namba za wiki nzima: 5.8, 6.1, 5.9. Tarehe ya kliniki ilipofika niliaga nyumbani, nikazunguka mjini hadi mchana, nikarudi nikasema wameniambia niko vizuri. Wale walionipigia makofi nitawatazama vipi? Mezani nikiongeza chakula mume wangu husema, "Mama, usije ukatuangusha." Hasemi kwa ubaya. Lakini binti yetu wa miaka 14 anasikia, na siku hizi naye anapanda kwenye mzani kila siku kabla ya kwenda shule.

Kuna jambo jingine. Rafiki yangu wa kazini anatumia sindano ya kupunguza uzito ambayo huiagiza mtandaoni. Amenigawia kalamu yake moja ya kujichoma dawa aliyokuwa ameshaianza, pamoja na vichwa vipya vya sindano. Nimejichoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitapika usiku kucha, lakini asubuhi ile njaa ilikuwa haipo. Kichwa kilikuwa kimya, nikalia kwa furaha. Wakati huohuo najiona mdanganyifu. Mume wangu ameshasema sindano hizo ni za wavivu, na dada yangu anasema ukizianza huziachi hadi unaingia kaburini.

Shangazi, nimeharibu kila kitu? Niendelee na sindano kimyakimya, niache, au nianze upya kujinyima? Na mume wangu nimwambieje?

Aliyechoka Kuficha

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na hiyo kalamu kwa sababu haiwezi kungoja. Usijichome tena kwa kalamu ya mtu mwingine, hata kama unabadilisha kichwa cha sindano kila mara. Mtu anapojichoma, chembe za damu yake zinaweza kurudi nyuma zikaingia kwenye kichupa cha dawa kilichomo ndani ya kalamu, na kichwa kipya hakiziondoi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuambukizwa homa ya ini aina ya B au C, au virusi vya UKIMWI. Kama mara ya mwisho kujichoma ni ndani ya saa 72 zilizopita, nenda kituo cha afya leo hii, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya muda huo tu. Kama umepita, nenda hata hivyo, useme ulichofanya, upimwe, na uulizie chanjo ya homa ya ini B. Muuguzi mwenye akili zake hatakushangaa. Sisi wauguzi tumesikia makubwa zaidi.

Tena, hujui ndani ya kalamu hiyo mna nini. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kwa dunia nzima kuhusu semaglutaidi bandia, yaani dawa iliyomo kwenye baadhi ya sindano hizi za kupunguza uzito, baada ya dawa feki zenye nembo ya Ozempic kugundulika Brazili, Uingereza na Marekani mwaka uliotangulia. Na hata ikiwa dawa ni halisi, kutapika kwako usiku kucha kunanipa picha. Ikiwa ni semaglutaidi, huanzwa na miligramu 0.25 kwa wiki, mgonjwa akakaa hapo wiki nne, ndipo apandishwe ngazi moja, na ngazi nyingine baadaye. Rafiki yako huenda ameshapanda ngazi kadhaa, nawe umeingilia juu. Ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, hasa yanayochoma hadi mgongoni, usingoje kupambazuke: kongosho linaweza kuwa limevimba.

Sasa daftari. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya kisukari kwa miaka mingi, na daftari la uongo nalitambua kabla sijasoma namba. Linakuwa safi mno. Wino ni mmoja kutoka juu hadi chini, mwandiko haujapinda hata siku moja, hakuna alama ya kidole wala tone la damu lililokauka pembeni ya ukurasa. Wanaokuja nalo si watu wabaya, ni watu wanaoogopa kugombezwa. Nami nikiona daftari la namna hiyo huwa najiuliza mgonjwa huyu anamwogopa nani, na mara nyingi jibu ni sisi wenyewe tulioko upande wa pili wa meza. Makofi waliyokupigia yalitoka moyoni, lakini yalikufundisha kwamba pale kliniki panapokelewa habari njema tu. Hilo ni kosa la utaratibu wetu, si lako.

Daftari lenyewe, hata hivyo, halimdanganyi mtu kwa muda mrefu. Kipimo cha HbA1c husoma sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na hakijali tuliandika nini Jumamosi usiku. Kwa sukari ya kuamkia ya 9 na 11 sihitaji kukuficha: mstari wa kisukari ni 7, na wewe umeshauvuka. Kisukari chako kimeamka. Kilikuwa kimetulia, hakikuwa kimepona, na jambo hili ulipaswa kuambiwa siku ileile ya makofi. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa wa kisukari walikubaliana kwamba ugonjwa uhesabiwe umetulia iwapo HbA1c iko chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa, na kwamba mtu huyo aendelee kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, pamoja na macho, figo na miguu. Waliliweka hilo kwa sababu walijua ugonjwa huweza kurudi.

Umeniuliza kama umeharibu kila kitu. Nakuomba usome sehemu hii polepole.

Kuna utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, ulioongozwa na Profesa Michael Lean na Profesa Roy Taylor, na matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2017. Yawezekana daktari wako aliutoa ushauri wake humo. Watu waliokuwa na kisukari cha chini ya miaka sita walipewa mlo wa kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakasaidiwa kurudi kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa. Kati ya walioshusha kilo 15 au zaidi, kama wewe, walikuwa asilimia 86. Habari hii ilienea dunia nzima, na kwa haki. Sehemu ya pili ndiyo haikuenea. Mwaka wa pili waliobaki wametulia walikuwa asilimia 36. Na katika kundi lililoendelea kusaidiwa hadi mwaka wa tano, ni asilimia 13 tu. Uzito waliokuwa bado wameushusha, kwa wastani, ni kilo 6.1.

Wewe ulishusha kilo 17, zimerudi 11. Umebaki chini kwa kilo 6. Mwanangu, upo palepale walipo watu waliokuwa na wataalamu wa lishe pembeni yao kwa miaka mitano, na wewe ulikuwa peke yako na daftari.

Na kazi uliyoifanya haikupotea. Katika miaka hiyo mitano, kundi la DiRECT lililopunguza uzito lilipata matukio makubwa ya kiafya chini ya nusu ya yale ya kundi lililopata huduma ya kawaida. Zamani zaidi, utafiti mkubwa wa Uingereza juu ya kisukari aina ya pili, UKPDS, ulionyesha mwaka 2008 kwamba watu waliodhibitiwa sukari vizuri miaka ya mwanzo waliendelea kupata mshtuko wa moyo kidogo kuliko wenzao hata miaka 10 baada ya utafiti kuisha, ingawa sukari za makundi yote mawili zilikuwa zimeshalingana. Mishipa yako ilipata mapumziko ya sukari ya juu mwanzoni kabisa mwa ugonjwa, wakati yanapofaa zaidi.

Hiyo njaa unayoieleza nayo ina maelezo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwapa watu 50 wenye uzito mkubwa mlo wa kalori chache sana kwa wiki 10, kisha wakawapima homoni za njaa na shibe. Mwaka mzima baadaye, homoni ya kuamsha njaa ilikuwa bado juu kuliko ilivyokuwa kabla hawajapungua, za kuleta shibe zilikuwa chini, na watu wenyewe walisema wana njaa zaidi ya mwanzo. Mwili uliopoteza kilo nyingi huzidai. Hautofautishi kati ya mama anayeokoa kongosho lake na mtu aliyekumbwa na ukame. Unachojua ni kwamba akiba imepungua. Unaongeza njaa na unapunguza nishati unayoitumia ukiwa umekaa tu. Kwa hiyo ile sauti ya kuwaza mlo unaofuata hukuibuni. Nakasirika kila ninaposikia mtu mwenye hali hii akiitwa mzembe, na nimeyasikia hayo hata kwa watu waliovaa makoti meupe.

Mume wako anaamini ni nidhamu tu. Msimulie majaribio ya Kevin Hall, yaliyofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2019. Watu 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, na kwa wiki mbili nyingine vyakula ambavyo havikusindikwa hivyo. Milo iliyoandaliwa ililingana kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi alichotaka. Kwenye chakula cha kiwandani, watu walewale walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, na wakanenepa. Nidhamu yao haikubadilika kati ya wiki ya pili na ya tatu, kilichobadilika ni sahani. Ndiyo maana Meksiko ilianza kutoza kodi vinywaji vyenye sukari mwaka 2014, Chile ikaweka alama nyeusi kwenye vifungashio mwaka 2016, na kodi ya Uingereza ya mwaka 2018 ikawafanya watengenezaji wapunguze sukari kabla haijaanza kutozwa. Serikali hizo zilikubali kwamba tatizo haliishii mdomoni mwa mlaji.

Sasa sindano yenyewe, yaani ile inayoandikwa na daktari na kutoka famasi. Dawa hizi huiga homoni ya utumbo, GLP-1, ambayo hutusaidia kujua tumeshiba na huchochea kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Kwa watu wasio na kisukari, semaglutaidi ya kipimo cha juu ilipunguza uzito kwa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68. Wenye kisukari hupata pungufu ya hapo, karibu asilimia 10, kwa hiyo usitarajie picha unazoziona mtandaoni. Faida nyingine ni kubwa kuliko uzito. Katika utafiti wa mwaka 2024, watu wenye kisukari na ugonjwa wa figo waliotumia semaglutaidi walipata madhara makubwa ya figo pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu. Septemba 2025 WHO iliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watu wenye kisukari aina ya pili pamoja na unene uliopitiliza na ugonjwa wa moyo au figo. Desemba mwaka huohuo ikatoa mwongozo wa kuzitumia kutibu unene kwa watu wazima, ikisema wazi kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa sugu. Orodha ile haina dawa za wavivu.

Dada yako naye ana sehemu ya ukweli, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu walioacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Anayeianza na apange kuitumia kwa muda mrefu, kama dawa ya presha. Ila jiulize mbona hakuna anayemwambia mwenye presha kwamba amekuwa mtumwa wa kidonge. Gharama ni kikwazo cha kweli: WHO yenyewe inakadiria kwamba hadi mwaka 2030 dawa hizi zitawafikia chini ya asilimia 10 ya wanaoweza kunufaika. Dawa unayoipata mwezi huu na kuikosa miezi miwili inayofuata haikusaidii, tena ukiikatisha kwa muda huenda ukalazimika kuanza ngazi ya chini. Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza utaipataje kwa mwaka mzima. Ikishindikana, hujakosa matibabu. Metformini bado ipo, ziko dawa nyingine za kulinda moyo na figo, na mlo wa kalori chache unaweza kurudiwa chini ya uangalizi. Kwa baadhi ya watu, upasuaji wa tumbo ndio unaofaa zaidi.

Ukifika kliniki, sema hivi: "Niliacha dawa, sukari ilitulia, sasa imerudi, na nimetumia sindano isiyo yangu." Inatosha, usijitetee. Omba HbA1c, presha, mafuta ya damu, mkojo wa kuangalia protini na damu ya kuangalia figo, na uvue viatu miguu ikaguliwe. Macho yapimwe kabla ya sindano yoyote, na hili nalisisitiza kwa sababu husahaulika: sukari iliyokaa juu ikishushwa ghafla, jicho ambalo tayari lina madhara ya kisukari linaweza kuzidi kuharibika kwa muda. Mwambie daktari kama kuna mtu katika ukoo wenu aliyewahi kuugua saratani ya tezi la shingo, na kama uko kwenye uzazi wa mpango, maana dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito. Na kama mtafikia kupunguza kilo tena, kwa njia yoyote, ongeza mazoezi ya kubeba uzito na protini ya kutosha, vinginevyo utapoteza na misuli.

Kwa mume wako, usianze na sindano. Anza na daftari. Mkae mkiwa wawili, umwonyeshe namba za kweli zilizohifadhiwa kwenye mashine ya kupimia, umwambie: "Baba watoto, nimekuwa nikikuandikia uongo kwa sababu naogopa macho yako kuliko ninavyoogopa sukari. Kisukari kimerudi. Nataka twende wote kliniki." Kisha mwache daktari amweleze habari za homoni, zitaingia vizuri zaidi kuliko zikitoka kwako. Ukaguzi wa kila wiki uishe. Daftari ni lako na la kliniki. Akitaka kusaidia, atembee nawe asubuhi, na mnachopika kiwe kimoja kwa nyumba nzima. Ninavyomsoma kwenye barua yako ni mtu anayekupenda na aliyepewa kazi isiyo yake.

Binti ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Ondoeni mzani pale anapoufikia, na maneno ya uzito yakome mezani, ya kwako mwenyewe pia, maana mtoto husikia mama anavyojisema. Ukiona anaruka milo, anakula kwa kujificha au anajitapisha, mpeleke kwa daktari mapema. Akikuuliza kama naye atapata kisukari, usimwambie "hapana" wala usimtishe. Mwambie kwamba hatari yake iko juu kuliko ya mtoto ambaye wazazi wake hawana, na kwamba inaweza kupunguzwa. Huko Daqing, China, mwaka 1986 watu wazima 577 waliokaribia kupata kisukari waliingizwa kwenye utafiti, na wengi wao wakasaidiwa kubadili mlo na mazoezi kwa miaka sita. Walipofuatiliwa hadi miaka 30 baadaye, waliosaidiwa walikuwa wamechelewa kupata kisukari kwa karibu miaka minne, na walipata magonjwa ya moyo na kiharusi kidogo kuliko wenzao. Yeye ana miaka 14 tu, muda anao mwingi kuliko waliokuwa nao watu wa Daqing.

Shangazi